Sauti Kutoka Homa Bay

Nilipelekwa kando ya ziwa nikiwa na miaka ishirini na saba, sanduku moja la bati, na barua ya uhamisho iliyonitaka niripoti kazini mara moja. Mimi ni mzaliwa wa Taita. Nilikuwa muuguzi, na nilikuwa na binti wa miaka mitatu ambaye baba yake alikwenda zake kabla mtoto hajaota meno. Mama yangu aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Nenda. Mtoto atakaa na mimi." Nikaenda. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na nilidhani nitakaa huko mwaka mmoja.

Zahanati ilikuwa vyumba vitatu chini ya paa la mabati, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mji mdogo wa Sori. Nyuma yake palikuwa na nyumba yangu ya vyumba viwili, na mbele yake ziwa, kubwa kiasi kwamba siku ya kwanza nilisubiri kuonja chumvi hewani. Hapakuwa na chumvi. Palikuwa na harufu ya omena, dagaa wa ziwa lile, waliotandazwa juani na moshi wa nyumba za watu.

Watu wa pale hawakunitendea ubaya hata siku moja. Ila Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya dirisha la zahanati. Mgonjwa alinieleza kwa Kiswahili tumbo linauma wapi na tangu lini, akapokea dawa, akashukuru, kisha alipogeuka mlangoni aliendelea na wenzake kwa Kijaluo, na kicheko kikafuata, nami nikabaki na kalamu yangu. Mbele yangu waliniita sista. Nisipokuwepo waliniita nyar mwa, binti wa watu wengine. Hilo nililijua kwa mhudumu wetu, mama mmoja mjane aliyefagia, akachemsha sindano na kunitafsiria pale maneno yaliponishinda.

"Si matusi," aliniambia. "Wanasema tu kwenu ni mbali."

Na kwetu kulikuwa mbali kweli. Barua ilichukua wiki tatu kwenda na wiki tatu kurudi. Mama aliniandikia kwamba mtoto ana homa. Nilipofungua bahasha mtoto alikuwa ameshapona na kusahau, lakini mimi niliugua homa ile siku hiyo hiyo, nikazunguka chumbani mpaka jioni nikimpima joto mtu asiyekuwepo.

Vijana wa leo nikiwaeleza vyombo tulivyofanyia kazi, wanadhani nasimulia mambo ya bibi yangu. Tulikuwa na friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo. Kila asubuhi nilipiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka sikio likaribie sakafu, nikatazama mwali wake. Ukiwa wa buluu, chanjo ziko salama. Ukiwa wa njano, kuna masizi, na lazima utambi ukatwe. Tulikuwa na jiko la mafuta na sufuria ya kuchemshia sindano za kioo, ingawa mwaka wangu wa pili zilianza kuja za plastiki, za kutumia mara moja na kutupa, na yule mama mhudumu akaziona ni ubadhirifu wa kutisha. Ujumbe wa kwenda hospitali kubwa tuliuandika kwenye kijikaratasi, mtu akaendesha baiskeli hadi Sori, akampa dereva wa lori lililokuja kuchukua samaki wa mbuta. Dereva akikumbuka, karatasi ilifika.

Rafiki yangu wa kwanza kule alikuwa mwanamke muuza omena. Alikuwa rika langu. Alikuja kliniki ya wajawazito, akaniona nikila wali mkavu na chai, akasema, "Sista, wewe unaishi kama mfungwa." Kesho yake akaleta omena, akaketi jikoni kwangu na tumbo lake kubwa, akanionyesha jinsi ya kuwaosha kwa maji ya moto, kuwakaanga mpaka wakauke, kisha nyanya, kisha maziwa kidogo. Alinifundisha kusema oyawore asubuhi na erokamano nikipewa kitu. Nikikosea alicheka kwa sauti ambayo ilifika mpaka zahanati. Alikuja mara mbili tatu kwa wiki. Nilianza kununua sukari ya watu wawili.

Alijifungua asubuhi, kwa mikono yangu, mtoto wa kiume mwenye afya. Kisha damu haikukoma. Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilisugua tumbo la uzazi, nikachoma sindano, nikaning'iniza chupa za maji mpaka zikaisha. Nikaandika kijikaratasi, na shemeji yake akapanda baiskeli. Adhuhuri alikuwa bado ananijibu. Alasiri alikuwa anafumbua macho tu. Gari la hospitali lilifika siku ya pili, saa nne asubuhi, na wale waliokuja nalo hawakuwa na kosa, walikimbia tangu walipopata karatasi. Tulikuwa tumeshamfunika.

Baada ya hapo sikupika omena kwa muda mrefu. Watu walinipa pole. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akasema kitu kirefu kwa Kijaluo, na mhudumu alipotaka kunitafsiria nilimwambia aache.

Redio ilikuja mwaka uliofuata. Mafundi wawili walishuka kutoka kwenye Landrova na paneli ya sola, betri kama ya gari, mlingoti wa chuma, waya mrefu, na kisanduku cheusi chenye kipaza sauti kilichoning'inia kwa kamba iliyojikunja kama mkia wa nguruwe. Watu walijaa uani tangu asubuhi. Mlingoti uliposimama wengine walipiga makofi. Fundi mmoja akaniita ndani, akaniketisha, akanieleza: ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia, huwezi kusema na kusikia kwa pamoja, ukimaliza sentensi useme ova ili mwenzako ajue zamu yake imefika. Sisi tulikuwa kituo cha saba. Vituo vyote vilikuwa kumi na vinne, na wote tuliita Homa Bay, yalikokuwa makao makuu ya wilaya yetu. Kwa sababu betri ilikuwa ndogo, kila kituo kilipewa dakika zake. Zangu zilikuwa saa mbili na robo asubuhi. "Ukimaliza, zima," fundi alinisisitizia. "Ukiiacha ikiwaka, siku ya dharura utakuta imekufa."

Kisha akabonyeza, akaita, akaachia. Kikatoka kishindo kama mvua juu ya mabati, na ndani ya mvua ile sauti ya mwanamume ikasema, "Kituo cha saba, nakusikia vizuri sana. Karibu. Ova."

Sijui nieleze vipi jambo lile kwa mtu aliyezaliwa na simu mfukoni. Homa Bay ilikuwa safari ya siku nzima, na mvua ikinyesha, siku mbili. Na mtu wa Homa Bay alikuwa ameniambia karibu, mimi nimekaa kwenye kiti changu cha mbao, kana kwamba tuko chumba kimoja. Mhudumu alichungulia nyuma ya kisanduku, akatazama ukutani, akarudi akaniuliza, "Sista, na huyu akitaka kulala?"

Tangu siku hiyo nilipanga maisha yangu kwa saa mbili na robo. Nilioga, nikachana nywele, nikavaa sare iliyopigwa pasi, ilhali hakuna aliyeniona. Sauti ile iliuliza wagonjwa wangapi jana, chanjo ngapi zimebaki, kuna kuhara, kuna surua. Ilikuwa sauti ya chini, yenye subira, na ilikuwa na matamshi ya watu wa ziwa, ikisema sukrani badala ya shukrani. Nikijibu, alirudia kila nambari polepole akiiandika. Na mwisho, kabla ya kuniruhusu nizime, aliuliza kila siku: "Na wewe mwenyewe, sista, uko salama? Ova."

"Niko salama. Ova."

Hayo tu. Lakini katika siku nzima hilo ndilo lilikuwa swali pekee lililonihusu mimi. Kila mtu mwingine aliniuliza kuhusu dawa. Nilianza kulisubiri tangu jioni ya jana yake. Nilimjengea yule mtu umbo: mrefu, mabega mapana, labda miaka thelathini na mitano. Sikumwambia mtu yeyote upuuzi huo. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mtoto.

Siku iliyonifanya niiheshimu teknolojia kwa maisha yangu yote ilikuwa siku ya soko. Aliletwa mama mjamzito juu ya mkokoteni wa ng'ombe, chupa ya uzazi imepasuka njiani. Nilipompima, kamba ya kitovu ilikuwa imetangulia mbele ya kichwa cha mtoto, na kila uchungu ulipokuja kichwa kiliibana. Nikiutoa mkono wangu mtoto anakufa. Nilimwinua yule mama akae kwa magoti na viwiko kitandani, nikakisukuma kichwa juu kwa vidole, nikabaki hapo. Redio ilikuwa chumba cha pili.

"Mama," nikamwita mhudumu, "washa redio."

"Mimi?"

"Wewe. Swichi nyekundu. Bonyeza kidude, sema kituo cha saba, dharura. Halafu uachie."

Nilisikia akiiwasha. Nilisikia akikohoa. Kisha, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, akasema, "Halo! Habari za huko? Habari ya nyumbani? Sisi hapa hatujambo, ni shida kidogo tu!"

"Achia kidude, mama!"

"Nikiachia ataenda!"

"Achia ndiyo ajibu!"

Akaachia. Mvua ikaanguka, na sauti ile ikatoka, tulivu kama kila asubuhi. "Kituo cha saba, nimekupata. Nani anazungumza? Sista yuko wapi? Ova."

"Ni mimi mfagiaji. Sista mkono wake uko ndani ya mama mzazi, hawezi kutoka. Kamba imekuja kwanza." Kisha kwa haraka, kama amekumbuka sala, "Ova!"

"Nimeelewa. Mwambie sista asitoe mkono. Naita daktari. Leo msizime redio, mama, hata nikinyamaza. Ova."

Alirudi baada ya muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Gari la chanjo lilikuwa limetoka Migori asubuhi kuja upande wetu, lilikuwa na redio yake, na yeye alijua liko wapi kwa sababu alikuwa akiyafuata magari yote wilayani kwenye daftari lake. Lilikuwa limegeuzwa, linakuja kwetu. Daktari alikuwa amesimama kando yake akimwambia la kuniambia, naye akampa mhudumu, na mhudumu akanipigia kelele kupitia mlango: mwinue makalio zaidi, kamba isiguswe, ifunikwe kwa kitambaa cha maji vuguvugu, huyo mama asisukume. Kila dakika chache alirudi. "Kituo cha saba, bado tuko pamoja? Ova." Na mhudumu, ambaye sasa alikuwa ameshaizoea kazi, akajibu, "Tuko! Sista anatoka jasho! Ova!"

Mkono wangu ulikufa ganzi hata nisijue vidole viko wapi. Nilimwimbia yule mama nyimbo za kwetu kwa sababu maneno mengine yalikuwa yameniisha. Gari lilipofika walimbeba vile vile alivyokuwa, mimi nikatembea naye, mkono wangu ukiwa pale pale, tukapanda nyuma, nikapiga magoti juu ya bati mpaka Migori. Walimpasua. Nilikuwa nimeketi sakafuni nje ya mlango niliposikia mtoto akilia.

Siku mbili sikuweza kushika kalamu. Siku ya tatu, saa mbili na robo, nilibonyeza kwa mkono wa kushoto.

"Mtoto wa kike, kilo tatu. Mama mzima. Ova."

Mvua ilinyesha ndani ya kisanduku kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Sukrani," akasema. "Sukrani sana. Na wewe mwenyewe, uko salama? Ova."

"Niko salama. Ova."

Nikazima, nikalia hapo hapo kwenye kiti, kwa ajili ya yule mtoto, na kwa ajili ya yule muuza omena ambaye hakukosa chochote ila mwaka mmoja.

Baadaye mwaka ule niliitwa Homa Bay kwa semina ya siku tano. Nilichukua gauni langu la pekee la maana. Siku ya kwanza, saa ya chakula, niliulizia chumba cha redio. Kilikuwa mwisho wa kibaraza, na mlango wake ulikuwa wazi.

Mtu aliyekuwa ndani alikuwa mfupi, mwembamba, kichwa chake nusu kimekuwa cheupe, amevaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Angeweza kuwa baba yangu mdogo. Nilidhani nimekosea mlango.

"Shikamoo," nikasema. "Namtafuta opereta."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi ni kituo cha saba."

Alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Akanivutia kiti, akamimina chai kutoka kwenye thamosi, akanipa kikombe chake akabaki bila. Kisha tukaketi. Nilimwuliza habari za kazi. Akasema nzuri. Akaniuliza semina inaendeleaje. Nikasema vizuri. Alitazama meza, nami nikatazama ramani ya wilaya ukutani, ambapo alikuwa ametia pini kwenye kila kituo. Tulikuwa tumezungumza karibu kila siku kwa miezi mingi, na sasa kila mmoja alimaliza sentensi yake akanyamaza akisubiri, na mwenzake hakujua kama zamu imefika.

Redio ndiyo iliyotuokoa. Kituo kimoja cha visiwani, kilichokosa zamu yake asubuhi, kikaita. Akageuka, akashika kipaza sauti, na yule mtu wangu akarudi, sauti ile ile, subira ile ile. Wagonjwa wangapi. Chanjo ngapi. Alirudia nambari akiziandika. Kisha akasema, "Na wewe mwenyewe, sista, uko salama? Ova."

Nilishusha kikombe. Nilikuwa nikizima redio kila siku baada ya dakika zangu, kama fundi alivyoniagiza. Sikuwahi kusikia dakika za mwingine.

Nilimaliza chai, nikashukuru, nikasema nachelewa darasani. Siku zilizobaki sikurudi kwenye kile kibaraza. Nilipokuwa nikirejea kupitia Awendo, tukiwa tumekwama nyuma ya trela la miwa, nilikuwa na hasira ya mtu aliyedanganywa, na kibaya zaidi ni kwamba hapakuwa na aliyenidanganya. Wiki kadhaa nilimjibu kwa mkato. Aliendelea kuuliza vile vile.

Kisha zikaja wiki mbili sauti ikawa ya mtu mwingine, kijana mwenye haraka. Nilimwuliza opereta yuko wapi, akasema ana ruhusa. Asubuhi moja ya Jumatatu akarudi. Aliuliza wagonjwa, akauliza chanjo, akaniuliza kama niko salama.

"Niko salama," nikasema, na sijui ni nini kilichonishika, lakini sikuachia kidude. "Na wewe mwenyewe, Homa Bay, uko salama? Ova."

Nikaachia kidude.

"Nimetoka kumzika mke wangu, sista," akasema. "Aliugua muda mrefu. Leo ndiyo nimerudi kazini. Ova."

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu na nusu namna ya kuzungumza na wagonjwa na waliofiwa. "Pole sana," nikasema. "Pole sana, mzee wangu. Ova."

"Sukrani. Ova."

Siku ile sikuzima. Niliketi na wagonjwa wakinisubiri nje, betri ikiliwa, nikamsikiliza akiita cha nane, cha tisa, mpaka cha kumi na nne. Niliwasikia wale wenzangu ambao sikuwajua, wengi wao sauti za wanawake, mmoja akiwa na mafua, mmoja akisikika kama amelia. Opereta alimwuliza kila mmoja kama yuko salama, na kila mmoja alimjibu niko salama kwa namna niliyoitambua, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisema mimi. Hakuna aliyemrudishia swali. Kesho yake nilimwuliza tena, na kesho kutwa, na tangu hapo ikawa desturi yetu, maneno machache kila asubuhi: amekula nini, mwanawe wa mwisho ameanza shule Kendu Bay, nyumba ina mwangwi. Nikamwambia kuhusu binti yangu. Nikamwambia kwamba sijui kama angenitambua.

Ikaja wilaya kugawanywa. Sisi tukawa wa Migori, na mambo ya serikali yalipomaliza kugawanyika kweli, mafundi walikuja wakabadilisha masafa. Siku ya mwisho alinisomea nambari zangu akazirudia, kisha akasema, "Basi, kituo cha saba, nakuacha katika mikono mizuri. Ova." Nami nikasema asante kwa yote, ova, na fundi alikuwa amesimama nyuma yangu na bisibisi. Migori walikuwa watu wema na wenye bidii. Walichukua nambari, wakasema sawa, wakakata. Sikumsikia tena yule mzee. Miaka mingi baadaye nilimwulizia kwa muuguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi Homa Bay, akaniambia alistaafu akarudi kwao shambani, na zaidi ya hapo hakujua.

Mwaka ule wa kubadilishwa masafa, simu zilikuwa zimefika karibu na kwetu Taita, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja chini ya kilima. Nilimwandikia mama: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, mpeleke mtoto dukani. Nikasafiri Migori, nikapanga foleni kwenye kibanda cha simu, nikiwa na karatasi yenye mambo kumi na moja ya kumwambia. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimemwona mara nne tangu nihame.

Simu ililia mara moja tu. Nilimsikia mwenye duka akisema, "Haya, mama yako huyu." Na nikamsikia mtoto akijibu kando ya chombo, "Mama si huyu hapa?" Alimaanisha bibi yake.

"Hujambo, mwanangu," nikasema. "Ni mimi, mama. Nakukumbuka sana kila siku. Ova."

Nikanyamaza, nikasubiri zamu yake.

"Ova ni nini?" akauliza.

Nilicheka, na watu wa foleni wakanitazama, na sikuweza kuacha kucheka, mpaka kicheko kikageuka kilio. Nilijaribu kumweleza. Alisikiliza kwa adabu, kama mtoto anavyomsikiliza mgeni. Aliniambia alikuwa wa tatu darasani. Aliniambia ng'ombe amezaa. Kisha laini ikakatika, na nyuma yangu mtu akagonga kioo kwa ufunguo.

Leo binti huyo ana watoto wake, anaishi nchi za mbali, na hupiga simu ya video karibu kila jioni. Naona sahani zake, naona mvua kwenye dirisha lake, na mjukuu wangu hubusu kioo kikajaa mate. Wenzangu wa rika langu hulalamika kwamba vyombo hivi vimeharibu watu. Siwezi kulalamika nao. Mimi nilimfunika rafiki yangu kwa sababu karatasi ilipanda baiskeli. Nikimwona muuguzi kijana akimtumia daktari picha ya kidonda na kupata jibu kabla hajavua glavu, husimama nikatazama kama watu wale walivyotazama mlingoti ukisimama. Upweke ni habari nyingine. Upweke nilikuwa nao bila waya, nikawa nao nikiwa na waya, na sidhani ni kazi ya mafundi kuutengeneza.

Nilipata uhamisho wa kurudi Taita miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mhudumu alinifungia omena wakavu kwenye gunia dogo, akakataa kulia, akasema jicho lake limeingia moshi. Nilifika nyumbani nikamkuta msichana mrefu, mwenye miguu ya baba yake, aliyenisalimia kwa kupiga goti na kwenda kuleta maji. Wiki za kwanza tulikaa mezani kama mimi na opereta tulivyokaa katika kile chumba. Nikimwuliza, alijibu kwa neno moja akitazama sahani. Mama yangu alitutazama, akaguna, akatafuta shughuli nje.

Siku moja nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, naye alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiosha sare zake za shule kwenye karai. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, mwembamba. Nilisikia maji, nikasikia akiimba chini kwa chini, kisha akaacha.

"Huko ziwani," akasema, bila kuniita jina lolote, "ulikuwa unaishi na nani?"

Niliacha maharagwe. Niliogopa kwamba nikitoka nje nikamtazama, atafunga mdomo. Kwa hiyo nilibaki nilipokuwa, nikasogeza kigoda karibu na ukuta, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mwanamke aliyenifundisha kukaanga omena. Nikamsikia akianza kusugua kola ya sare.

"Halafu?" akasema.

Nikaendelea, na kutoka upande wa pili nilimsikia akisugua kola ile ile, taratibu, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.